Ilipotea kwa Nani?

Matata walitoka Nairobi wakaenda kupiga fanki London miaka ya 1970. Leo kijana akiokota santuri yao sokoni anasema "ameivumbua". Kwani ilipotea kwa nani? Wazee wetu waliicheza hadi soli zikaisha.

Neno tuliache, shida ni pesa. Santuri kuukuu ikiuzwa bei ya mbuzi, anayekula ni muuzaji. Mwanamuziki hapati hata ndururu. Toleo jipya, mfano ule mkusanyiko wa Soundway wa 2013, Kenya Special, angalau laweza kuja na mkataba na mrabaha. Sasa mbona mwenye nakala ya kwanza ndiye tunamwita mlinzi wa utamaduni? Ana sikio, sawa. Lakini yule buda aliyepiga besi, amelindiwa nini?