Simu ya Gavana Si Yako

Anayepokea simu za gavana hakupigiwa kura na mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa gavana mihula miwili tu ya miaka mitano mitano, na mkuu wa wafanyakazi wake huenda naye. Kaunti za Homa Bay na Migori ziliyaona hayo kwa pamoja Agosti 2022, magavana Cyprian Awiti na Okoth Obado walipomaliza muda wao. Gavana akishuka ufuoni kwenye kisiwa cha Remba, Ziwa Victoria, wavuvi wanamkumbuka yeye. Aliyetafuta boti, akaongea na mwenyekiti wa BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) na kupanga nani ashike kipaza sauti kwanza, wachuuzi wa omena hawamjui hata kwa sura. Ndiyo maana kurukia siasa ni kamari: Nzioka Waita alikuwa mkuu wa wafanyakazi Ikulu, akaondoka 2020, akawania ugavana wa Machakos 2022 na kushindwa na Wavinya Ndeti. (Ikulu kwenyewe, lakini kura ni kura.)

Hata hivyo, mtu wa kazi hii hubaki na ujuzi: anajua bajeti inakwama wapi, faili liko mezani kwa nani, na nani lazima aarifiwe kabla ya tangazo. Ujuzi huo una soko kwenye mashirika, benki, hata kwa gavana ajaye. Aanze kuunadi mapema, tuseme mwaka wa tatu wa muhula wa kwanza, wakati simu zake bado zinapokewa kabla ya mlio wa pili.