Ukarimu na Bei

Je, ni halali mtu kula chakula cha bei kubwa mbele ya bahari hali nduguze wa bara wanakula muhogo mkavu? Swali hili lina majibu mawili mepesi. Mwenye kijicho husema ni haramu, na mwenye fedha husema kila mtu hula jasho lake. Majibu yote mawili yana upungufu mmoja, nao ni kuwa yanamtazama mlaji kana kwamba yu peke yake. Aghalabu yuko aliyealika na yuko aliyealikwa, na baina yao ndipo penye swali gumu zaidi: ukarimu ambao mgeni hana njia ya kuurudisha, je, ni ukarimu bado?

Mahali pa kulia kando ya maji Dar es Salaam ni pengi, hasa katika rasi ya Msasani, ambako mlaji aweza kuliona jua likitua ng'ambo ya ghuba. Kwa sura si pa makuu. Mtu huingia kwa makubadhi na shati lisilochomekwa, wala hapana anayemwuliza tai. Lakini hulipa kama aliyevaa suti. Meza ni mbao tupu, na watoto hukimbia baina ya viti. Unyenyekevu huu wa sura ni sehemu ya bei. Tajiri hupumzika hapo na utajiri wake bila ya kuuvua, na asiye tajiri hukaa saa mbili katika hali isiyo yake, na hili si jambo la kuchekwa, kwa maana kila mwanadamu ana haki ya kuonja mara moja moja maisha asiyoyaishi.

Chukua, msomaji, mfano wa mpwa aliyemwalika mjomba wake mahali kama hapo. Mjomba ni mkulima wa korosho wa Newala. Wamakonde, kama Wamakua na Wayao walio jirani zao, kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa sababu hiyo mjomba si jamaa wa mbali. Karo ya mpwa huyu, tangu shule ya sekondari hadi chuo kikuu, ilitoka katika mikorosho ya mjomba. Sasa mjomba alikuwa amekuja mjini kwa matibabu ya goti. Basi lilishuka nyanda za juu mpaka Masasi, likafuata bonde la mto Lukuledi na kupita Ndanda, likavuka Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003, mahali ambapo katika ujana wake abiria walingoja kivuko. Mpwa aliona haya kumpa mzee wake wali wa kila siku katika vyumba viwili vya kupanga. Akampeleka Msasani.

Waliketi kuelekea maji. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika simulizi la asili ya Wamakonde: mtu na mkewe walikaa karibu na mto, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa maiti, wakapanda juu kidogo, na wa pili naye hakuishi, walipofika juu kabisa, Mahuta, wa tatu akaishi. Wosia uliobaki ni kukaa juu, mbali na mabonde na maji makubwa. Wosia huo ulikuwa na gharama. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde ulioanzishwa katika miaka ya 1950, wanawake wa Newala walishuka mteremko na kuupanda tena na mitungi kichwani. Kwa mtoto wa wanawake hao, maji ni kitu kinachobebwa. Kukaa bure kuyatazama, kisha kulipia kuyatazama, ni fikira inayohitaji muda kuzoeleka.

Kabla ya chakula ililetwa sahani ndogo ya korosho za kukaanga. Mjomba alizitambua kama mtu anavyomtambua jamaa aliyebadili mavazi. Sehemu kubwa ya korosho za kusini husafirishwa ghafi, hasa India na Vietnam, kubanguliwa huko. Mkulima wake huweza kuishi miaka mingi bila ya kuziona katika sahani ya kauri. Kisha ikaja orodha ya vyakula. Mjomba hajui majina ya mapishi, lakini tarakimu anazijua sana. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, amesoma karatasi nyingi za kilo na shilingi. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, aliukariri mfano huo wa hesabu kama sala. Kwa kipimo hicho, sahani ya kamba ya shilingi 33,000 ni kilo 10: kuokota, kutenganisha na bibo, kuanika, kubeba hadi ghalani. Aliifunga orodha akasema, "Nichagulie wewe, mpwa wangu."

Alikula akamaliza, maana kukataa kungekuwa kumwaibisha mwenyeji. Lakini maneno yake yalipungua kadiri sahani ilivyopungua.

Asidhani mtu kwamba kijiji kina haki ya kuuhukumu mji kwa israfu. Baada ya mavuno, sherehe za jando na unyago humeza fedha za msimu mzima, na wako wazazi waliouza korosho zao kwa kangomba, zikapimwa kwa bakuli kwa bei ya hasara, ili ngoma ya mtoto isikose nyama. Israfu ni ile ile. Tofauti yake ni kwamba aliyekula katika sherehe ya jirani anajua mlango atakaoupelekea kuku na mchele mwakani. Deni hilo huzunguka, na katika kuzunguka kwake watu huendelea kujuana. Bili hulipwa ikaisha. Aliyelipiwa huondoka na deni lisilo na mlango.

Hapa mtetezi wa mpwa ana hoja yenye nguvu: mdaiwa hakuwa mjomba, mdaiwa alikuwa mpwa, naye alikuwa akilipa karo aliyosomeshewa. Hoja hii yafaa kupimwa, kwa kuwa ndiyo inayofichua jambo. Kama yale yalikuwa malipo, yalikuwa machache mno mbele ya magunia ya miaka yote ile. Na kama ilikuwa zawadi, ilikuwa kubwa mno kwa mtu aliyeweza kuihesabu kwa kilo. Yamkini mpwa mwenyewe hakujua ni lipi kati ya hayo mawili alilokusudia. Nia yake ilikuwa njema, na ndani ya wema huo, bila ya yeye kuiona, ilikuwamo tamaa ndogo ya kumaliza: kwamba baada ya jioni ile moyo usimwambie tena kuwa anadaiwa.

Mjomba, ambaye hakusoma falsafa, aliligusa jambo lile lile kwa njia yake. Alijifuta mikono, akasema, "Oktoba korosho zinaanza kuanguka. Uje. Nyumba unaijua, na jogoo yupo."

"Nitakuja, Mjomba," alijibu mpwa, naye alikuwa amekwisha inua mkono kumwita mhudumu. Bili ililetwa ndani ya jalada jeusi la ngozi. Mjomba aligeuza uso akaitazama bahari, wala hakuugeuza tena mpaka aliposikia jalada limefungwa.