Pikipiki ya Pili: Fundisho juu ya Amri ya Saba

Wakatekumeni wapendwa, Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara hukaa chini kwanza na kuhesabu gharama yake, asije akaishia katika msingi na kuchekwa na wapita njia (Luka 14). Fundisho hilo si la wajenzi tu. Lamhusu kila mtu anayeshika feza mkononi na kujiuliza: ninunue, au nisinunue?

Fikirini juu ya mtu mmoja wa kijiji kilicho kando ya njia ya kwenda Butembo. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa mafundisho, akingoja kubatizwa usiku wa Pasaka pamoja na mke wake. Alikuwa na pikipiki moja, nayo iliendeshwa na kijana, mtoto wa dada yake. Kijana huyo alichukua abiria na magunia ya kahawa toka mashambani hata sokoni, na kila jioni alimletea mjomba wake dola 5. Kwa feza hiyo watoto wa nyumba walisoma.

Siku moja mchuuzi akamletea habari: iko pikipiki nyingine, imekwisha kutumika, lakini yakwenda vizuri, bei yake dola 450 tu. Yule mtu alikuwa na dola 300 katika sanduku. 150 angeweza kukopa. Usiku ule hakulala. Alihesabu: pikipiki mbili, dola 10 kwa siku, dola 70 kwa juma. Tayari aliona mabati mapya yakimetameta juu ya nyumba yake.

Asubuhi akaenda kwa katekista, mzee mwenye mvi. Akasema: «Mwalimu, je, ni dhambi kununua pikipiki ya pili?»

Mzee akajibu: «Mwanangu, kuwa na pikipiki mbili si dhambi. Mungu hachukii mali iliyopatikana kwa jasho na kwa haki. Lakini nijibu maneno matatu. Neno la kwanza: karatasi zake ziko wapi?»

Yule mtu akanyamaza. Karatasi hazikuwapo, mchuuzi alisema zitakuja nyuma. Tena nambari iliyopigwa katika chuma ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa.

Mzee akasema: «Basi bei hiyo ndogo imelipwa na mtu mwingine. Huenda yuko kijana aliyeangushwa njiani na wenye bunduki, akanyang'anywa chombo cha kazi yake. Amri ya saba haimkatazi mwizi peke yake. Inamkataza pia anayenunua kitu cha wizi akijua, na yule anayefumba macho asipate kujua. Neno la pili: umehesabu yatakayoingia, je, umehesabu yatakayotoka?»

Wakachutama, wakaandika udongoni kwa kijiti: mafuta ya injini, matairi, mnyororo, breki, siku za mvua ambapo njia yageuka matope, siku za kulala kwa fundi, na faida ya yule mkopeshaji. Pikipiki iliyokwisha kutumika hula feza kabla ya kuleta feza. Kama ingevunjika mwezi wa kwanza, deni lingebaki limesimama mlangoni, na watoto wangefukuzwa shuleni.

«Neno la tatu,» akasema mzee. «Mtoto wa dada yako yuko wapi siku ya Mungu?»

Hapo neno likamchoma moyo. Kijana alikuwa njiani kila Dominika, kwa maana mjomba alidai dola 5 siku zote saba. Na alipoanguka wakati wa mvua akaumia mguu, alijilipia dawa mwenyewe.

Mzee akasema: «Wataka pikipiki ya pili, na ya kwanza bado haijabatizwa.»

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni wazi. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika barua Rerum Novarum, akafundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kupata mshahara wa kutosha na pumziko la Dominika. Kongo nayo ina mashahidi wake. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alifanya kazi ya kukagua bidhaa huko Goma. Aliletewa feza ili aache chakula kilichoharibika kipite. Alikataa, asiwadhuru watu, na kwa sababu hiyo aliuawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Feza chafu ilimjia karibu kabisa. Yeye akaona kwanza uso wa jirani.

Yule mtu akarudi nyumbani, akashauriana na mke wake, akamwambia mchuuzi: hapana. Jirani mmoja akainunua ile pikipiki, akampita akicheka. Kicheko kile kilimwuma, lakini hakujuta. Akamrudishia kijana feza ya dawa, akaweka matairi mapya, akampa pumziko siku ya Mungu. Zilizobaki akazirudisha katika sanduku. Pikipiki ya pili bado hajainunua. Labda ataipata siku moja, yenye karatasi na bei ya haki.

Maulizo ya kujibu pamoja na katekista:

Je, ni dhambi kutafuta faida? — Si dhambi, kama inatafutwa kwa haki na bila kumwumiza jirani.

Aliyenunua kitu cha wizi afanye nini? — Atubu, amrudishie mwenyewe.

Kabla ya kununua, Mkristu ajiulize nini? — Kimetoka wapi, kitagharimu nini, na nani atabeba mzigo wake.

Tuombe: Ee Bwana, utupe chakula cha kila siku, na utulinde tusile cha mwenzetu. Amina.