Amana Isiyorudi

Hapa kwetu Endagikot, kijana anapoaga kwenda nchi ya mbali, wazee humpa wosia ule ule: awe na adabu, asimwamini kila mtu, awatii wenyeji wake. Mimi niliyeongoza shule kwa miaka mingi naujua uzito wa utii. Bila huo darasa halikaliki. Lakini afanye nini iwapo yule anayepaswa kutiiwa anadai kitu ambacho hana haki nacho?

Tuwatazame mabinti wa Kitanzania wanaokwenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kutokana na mahojiano na wanawake wa aina hiyo. Karibu wote walisema kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Nako kule, kwa utaratibu wa kafala, kibali cha ukaazi hufungamana na mwajiri. Mfanyakazi akiondoka bila ridhaa yake, aweza kushitakiwa kwa kutoroka.

Mwajiri husema, "Nakutunzia." Neno hilo tulipime. Kutunza mali ya mwenzio ni kushika amana, na amana hurudishwa siku mwenyewe anapoitaka. Kitu kinachodaiwa kisirudishwe hakikutunzwa, kimetwaliwa. Basi kukataa kukitoa si utovu wa adabu. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, katika ibara ya 9, unataka mfanyakazi wa nyumbani awe na haki ya kukaa na hati zake za kusafiria.

Hata hivyo, ndugu msomaji, haki iliyoandikwa haina mikono. Binti aliye peke yake katika nyumba ya watu, tena akidaiwa nauli na wakala, atakataaje? Kumwambia "jihadhari" kisha sisi tukalala ni kumtwisha mmoja mzigo wa wengi. Nakala ya pasipoti na ya mkataba wa kazi ibaki nyumbani. Wazazi wawe na namba ya simu ya ubalozi wetu ulioko Muscat. Siku ya kupiga simu ipangwe, na ikipita kimya, aanze kuulizwa siku ile ile.

Mwonevu hupata nguvu kwa mtu asiyeulizwa na yeyote. Pasipoti ni ya binti, na aishike mwenyewe. Bali yeye ni amana yetu mikononi mwa wageni, nasi tunao wajibu wa kuidai.