Pijo ya Baba na 110 ya Mjomba

Kwetu Saboti kuna Peugeot 504 chini ya mti wa avokado. Haijawaka tangu niwe kidato cha pili. Kuku hulala ndani. Ukitaja kuiuza, Baba anaanza kuuliza habari za mahindi.

Mjomba naye alikuwa na Toyota Corolla 110, gari lisilojua kupumzika. Asubuhi maziwa, mchana abiria wa Kitale, usiku mgonjwa wa jirani. Aliiosha ikiwa na matope tu.

Simdharau Baba. 504 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, baadaye ikaunganishwa hapa hapa Kenya, Mombasa. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo. Mzee mwenye Pijo hakuhitaji kujieleza. Ikikohoa, fundi wa jua kali alifungua kabureta akaona ugonjwa kwa macho. 110 ilitoka Japani mwaka wa 1995, na nyingi zilifika kwetu zikiwa zimeshatumika. Taa ya injini ikiwaka, fundi anatafuta mashine kwanza.

Sasa, gari bora ni lipi: linalokumbukwa ama linalotembea? Zamani nilijibu haraka, kwa hasira. Mwaka niliotoka chuo kwa kukosa karo, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Baba akamfukuza. Pesa hizo hazingelipa hata muhula mmoja, nilijua. Lakini nilitaka nimwone akijaribu.

Mjomba hakufukuza mtu. Binti yake alipoitwa chuo cha uuguzi, aliuza 110 Jumamosi, Jumapili akaenda kanisani kwa miguu. "Gari ni gari," akasema.

Kwa hivyo Mjomba ni mwema na Baba ni mbaya? Hapana, si rahisi hivyo. Kupenda kitu cha zamani si kosa. Hata kukilinda si kosa. Kosa ni kukilinda kwa mfuko wa mtu mwingine. Mjomba aliuza miguu yake mwenyewe. Baba alitunza heshima yake, bili ikaja kwangu.

Juzi Baba aliniuliza, sauti chini, "Tuiuze?" Nikasema hapana, nikajishangaa. Lakini hiyo hapana sasa ni yangu. Kodi yake nitalipa mimi, nikianza na kuwajengea kuku banda.