Nani Atamruhusu Bawabu?

Anayeandika seva kwa lugha ya C huajiri mabawabu. Kila mteja anapounganishwa, mfumo humpa namba, na programu humweka bawabu wa kuitazama namba hiyo: data ikifika, niite. Laibrari kama libev na libuv zipo kwa kazi hiyo. Kumweka bawabu ni mstari mmoja au miwili. Kumwondoa nako si zaidi ya hapo, ila ndiko kunakosahauliwa, kwa kuwa mteja akishaondoka hakuna wa kulalamika.

Kusahau huko ni uzembe tu, au ni dhuluma? Na kama ni dhuluma, amedhulumiwa nani?

Wenzangu wengi husema hakuna. Programu ikifa, kiini cha mfumo hukusanya kumbukumbu na soketi zote. Kweli, na kwa programu ya sekunde 2 sina ugomvi nao. Lakini seva huishi miezi, na namba haizikwi na mwenyewe. Kwa kanuni ya POSIX, soketi mpya hupewa namba ndogo kuliko zote zilizo wazi. Namba 7 akiondoka, anayebisha hodi baada yake huenda akawa 7. Bawabu wa zamani wa libev, ambaye hakuna aliyemruhusu aende, bado yupo mlangoni na daftari la aliyetangulia. Ombi la mgeni linaweza kusomwa kana kwamba ni la yule, na jibu lenye siri za yule likaishia mikononi mwa mgeni.

Kwa hiyo deni, naona mimi, hatudaiwi na anayeondoka. Tunadaiwa na anayekuja, ambaye hatumjui na wala hakuwepo tulipozembea.

Libuv ni kali zaidi, na naipenda kwa hilo. Ukiita uv_close, huruhusiwi kuiachia kumbukumbu papo hapo. Unasubiri hadi ikuite kukujulisha kwamba imemaliza. Kuiachia mapema ni kumpangisha mtu chumba ambacho mpangaji wa kwanza bado anafunga mizigo.

Kuna wanaoniambia nihamie lugha zinazojisafisha zenyewe, kama JavaScript. Nazo zina mabawabu. Mkusanya taka wake huuliza kama bado kuna anayekishika kitu, wala haulizi kama kuna anayekihitaji. Bawabu aliyesahauliwa ameshikwa na orodha ya wasikilizaji, basi hataguswa, na kila alichobeba kitabaki naye.