Majani Baada ya Ua

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ninakuusieni, nikianza na nafsi yangu, kumcha Allah.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba ardhi yetu hapa Bagara hukauka. Mbaazi zikishavunwa, shambani hubaki vijiti na vumbi, na vichaka vya chini ya Mlima Kwaraa havina cha kutamanisha macho. Kisha mvua za vuli zinapiga mara mbili tatu, na kwenye udongo uleule unachomoza mche mmoja mnene, umebeba kichwa chekundu cha mviringo kinachoshinda ngumi ya mtu mzima. Kisogelee ukitazame. Si ua moja hilo. Ni vijiua vingi vilivyobanana, pengine vikafika mia mbili, kila kimoja na petali sita nyembamba na nyuzi nyekundu zenye ncha za manjano. Wataalamu wa mimea wanaliita Scadoxus multiflorus. Sisi wengi tunalipita tukikimbilia sokoni.

Surat Fussilat, aya ya 39, inatutaka tuitazame ardhi kama hii inavyolala kimya, kisha mvua ikiipata inavyotaharuki na kuumuka, tupate kumjua atakayewafufua wafu. Na katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa siku ya kufufuliwa yatashuka maji na watu wataota kama mimea, kutokana na kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo ambacho udongo haukili. Aliyewahi kulifukua ua hili hatapata taabu kuyaelewa hayo. Chini kuna tunguu lililokaa kiangazi kizima bila jani hata moja, watu na ng'ombe wakilikanyaga, nalo li hai. (Wazazi, wakanyeni watoto: tunguu hilo lina sumu kwa binadamu na kwa mifugo.)

Lakini leo nataka tukae zaidi kwenye majani yake. Ua hili mara nyingi hutangulia majani, au hutoka pamoja nayo yakiwa bado machanga. Nguvu ya kuchanua imetoka wapi, basi? Ni kazi ya majani ya msimu uliopita. Ua hukaa wiki moja au mbili, likanyauka. Hapo ndipo majani hutanuka, mapana na ya kijani tu, wala hakuna anayesimama kuyapiga picha. Nayo msimu wote wa mvua hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kukishusha kwenye tunguu. Ukiyafyeka mapema kwa jembe, tunguu hudhoofika, na mwaka unaofuata huenda lisichanue kabisa.

Ndugu zangu, Ramadhani ndiyo ua letu. Tarawehe safu zinafurika hadi nje, futari zinapelekwa kwa majirani, sadaka zinatoka. Ukiingia Mfunguo Mosi, Alfajiri imamu anabaki na wazee wachache. Tumefyeka majani! Halafu Ramadhani nyingine ikifika tunalalamika kwamba moyo ni mzito na Qur'ani haitugusi.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo. Basi hatuna kisingizio. Mwenye duka anaweza kusoma ukurasa mmoja kabla ya kufungua mlango. Wa bodaboda anaweza kumbeba mgonjwa asiye na nauli, asimwambie mtu. Mama anaweza kuswali rakaa mbili usiku wakati nyumba nzima imelala.

Kabla hujatoka msikitini leo, chagua amali moja ndogo na uweke nia ya kuidumisha mpaka Ramadhani ijayo. Na kesho, Jumamosi, hakuna hotuba wala kanzu mpya. Njoo Alfajiri.

Wabillahi tawfiq.